Kiwanda kipya, ladha ileile

Kuna dhana kwamba kiwanda cha wiski cha karne zilizopita kikivunjwa na kujengwa upya ili kuwapendeza watalii, ladha nayo imekwenda. Watu huamini siri imo kwenye kuta zilizooza na utando wa buibui. Haimo.

Tazama Macallan, kule Speyside, Uskoti. Kiwanda hiki kina leseni tangu 1824, na mwaka 2018 kilifungua jengo jipya lililogharimu pauni milioni 140, paa lake la mbao limefunikwa nyasi kama vilima vinavyolizunguka. Mgeni akiingia, anaiona mitungi ya shaba imepangwa duara mbele yake, badala ya kupenyezwa kwenye vichochoro vyenye joto.

Mitungi hiyo ndiyo kiini. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa anaujua mfumo: mvuke hupanda, hupita kwenye bomba, hupoa, hudondoka. Umbo la mtungi na urefu wa shingo yake huamua mvuke upi upite na upi urudi chini. Macallan walitengenezewa mitungi mipya kwa kunakili umbo la ile midogo ya zamani. Shaba huliwa taratibu na mvuke, kwa hiyo mitungi hubadilishwa hata pasipo mtalii mmoja.

Kinachobaki ni kazi ya pipa la mwaloni, ambamo sheria ya Uskoti inataka wiski ilale miaka 3 au zaidi. Pipa halijui kama nje pana mgahawa.