Meli imekwama: kwanza jua ardhi inabeba tani ngapi

Wakazi wa Nairobi hushangaa kwamba mhandisi wa meli anaweza kufanya kazi huku, kilomita zipatazo 480 za barabara kutoka Mombasa. Huduma yetu ya dharura ya nchi kavu, inayoikokotolea hesabu meli iliyokwama au kuharibika, haitaki mtu aone maji. Inataka simu isiyozimwa usiku na mchana, modeli ya meli husika iliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta (umbo lake, matangi yote, unene wa vyuma), na ofisa melini anayesoma drafti (kina ambacho meli imezama majini) kwa uangalifu. Kiambatisho cha Kwanza cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kanuni ya 37, kinaitaka kila meli ya mafuta yenye uwezo wa tani 5,000 na zaidi iwe na njia ya kuzifikia haraka programu hizo za nchi kavu, za kukokotoa uthabiti wa meli iliyoharibika na nguvu iliyobaki mwilini mwake. Meli zinazoshusha petroli Kipevu, bandarini Mombasa, inayotufikia Nairobi kwa bomba, zinabanwa na kanuni hiyo.

Tunachotafuta kwanza ni tani ambazo sakafu ya bahari inaibebea meli. Mtu asipoijua namba hiyo, kila amri anayotoa ni ya kubahatisha.

Chukua mfano wa meli ya nafaka ya urefu wa mita 190, uzito wake na shehena tani 62,000. Kabla ya kukwama drafti ya omo (mbele ya meli) ilikuwa mita 11.60 na ya tezi (nyuma) 12.00. Baada ya kukwama, omo inasoma 10.70 na tezi 12.30. Wastani umeshuka kutoka 11.80 hadi 11.50, yaani sentimita 30. Vitabu vya meli hiyo vinasema kila sentimita ya drafti ni tani 57. Zidisha: tani 1,710 sasa zinabebwa na ardhi.

Zinabebwa wapi? Tofauti ya omo na tezi ilikuwa sentimita 40, sasa ni 160, kwa hiyo imeongezeka kwa 120. Ikiwa kuibadili kwa sentimita moja kunahitaji tani-mita 690 (uzito mara umbali), basi 120 mara 690, ugawe kwa 1,710, unapata mita 48 hivi mbele ya kitovu cha uso wa maji wa meli, yaani nukta ambayo omo na tezi hupanda na kushuka kuizunguka. Hapo ndipo mpiga mbizi aanze kutazama, na matangi yaliyo juu ya sehemu hiyo ndiyo yapimwe kwanza.

Hapa ndipo wengi hukosea, hata mabaharia wazoefu. Wanasema: imepanda sentimita 30, basi maji yakijaa sentimita 30 itaelea. Sivyo. Ilipogusa ardhi, meli haikunyanyuka sawasawa. Omo ilipanda na tezi ikazama, na pale ilipokalia imeinuka sentimita 61: 30 za wastani na 31 za kuinamia nyuma. Kila sentimita ya maji yanayojaa inaondoa tani 28 tu, si 57. Yanahitajika maji ya sentimita 61. Kwa kanuni hiyohiyo, maji yakipwa mita moja, mzigo wa ardhi unapanda hadi tani 4,500 hivi. Pwani ya Mombasa, wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu), maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti ni ndogo mno. Meli iliyokwama kwenye kilele cha bamvua inaweza kungoja wiki mbili kabla ya kupata maji kama yale.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza sana juu ya saa. Meli huandika kwa saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Majedwali ya maji ya bandarini huenda kwa saa zetu, na mtu wa boti akizungumza kwa simu husema "saa kumi" akiwa na maana ya 16:00, ambayo mgeni huisikia kama 10:00. Tofauti ya saa 6 ndiyo takriban muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa, kwa hiyo kosa hilo moja linageuza mpango mzima juu chini. Andika saa kwa tarakimu nne, na useme ni saa ya wapi.

Sasa kuvuta. Nguvu inayohitajika ni mzigo wa ardhi mara msuguano: mchanga 0.3 hadi 0.4, matumbawe 0.5 hadi 0.8, mwamba 0.8 hadi 1.5. Kwenye mchanga, tani 1,710 zinataka mvuto wa tani 600 hivi. Kwenye matumbawe, ambayo ndiyo mengi pwani yetu, tani 850 hadi 1,370. Boti ya kuvuta yenye nguvu ya kawaida bandarini hutoa tani 60 au 70. Jibu basi haliko kwenye boti pekee. Liko kwenye maji kujaa, kupunguza shehena pale meli ilipokalia, na kuhamisha farumi (maji ya kuisawazisha meli).

Lakini farumi haiguswi kabla ya hesabu. Nahodha akiona meli imelala upande, silika humwambia ajaze upande wa pili. Mwaka 2002, meli ya mafuta Prestige iliharibika mbele ya pwani ya Galicia, Uhispania, ikalala ubavu. Kulala kulisahihishwa kwa kuingiza maji upande wa pili. Meli ikasimama wima, lakini uzito ulioongezwa katikati ukazidisha mkunjo wa mwili ulioharibika, na siku sita baada ya ajali ikakatika vipande viwili. Kompyuta yetu hukagua mambo yote mawili kwa wakati mmoja: je, itasimama, na je, itakatika?

Mzigo wa ardhi pia hula uthabiti, kwani ni sawa na kuondoa uzito kutoka chini kabisa. Katika mfano wetu GM, kipimo cha uthabiti wa meli, inapungua mita 0.37 kwa tani 1,710, na karibu mita 1 kwa tani 4,500. Ongeza matangi yaliyojaa nusu, ambayo maji yake hukimbilia upande mmoja, na meli iliyokalia ncha nyembamba inaweza kulala ghafla maji yakipwa.

Tunachotaka melini, kwa mpangilio huu: drafti sita (omo, katikati na tezi, pande zote mbili); vipimo vya kila tangi, vya kabla na baada; bildi (vipimo vya kina cha maji) kuzunguka meli nzima, kila mita 10 hadi 20, pamoja na aina ya sakafu ya bahari; kisha hali ya hewa na mawimbi yanayokuja. Drafti ya katikati hairukwi, maana ikiwa ndogo kuliko wastani wa omo na tezi, mgongo umepinda kwenda juu. Ofisa akitukadiria namba kwa macho, atuambie amekadiria.

Injini ya kurudi nyuma kwa nguvu zote isiwashwe kabla ya matangi kupimwa. Jiwe lililotoboa tangi huenda ndilo linaloziba tundu. Mchanga unaochimbuliwa na rafadha huingia kwenye mabomba ya maji ya kupoza, injini ikapata joto na kuzima, meli ikabaki bila umeme wa pampu. Upepo na mawimbi yakiisukuma meli ufuoni, mara nyingi tunashauri ijaze farumi zaidi ili ikae imara, kisha imwagwe saa ya kuvuta inapokaribia.

Ikishaelea, itie nanga karibu penye kina salama. Matangi yote yapimwe kila dakika 15 katika saa ya kwanza, na drafti zisomwe upya. Ikiwa drafti halisi zinazidi zile tulizokokotoa, kuna maji yaliyoingia mahali ambapo hapajapimwa. Anza na vyumba vya mnyororo wa nanga na nafasi tupu zilizo kati ya matangi. Meli isiondoke hapo mpaka namba zikubaliane.