Pochi ya Sarafu Mtandao: Ufunguo Unazaliwa Wapi, Unalala Wapi?

Vijana wanaosomea kompyuta hapa Dodoma huniletea mara kwa mara wazo la kutengeneza programu ya pochi ya sarafu mtandao. Wengi huanza na skrini: rangi, vitufe, salio lilivyopangwa. Mimi huanza kwa kuuliza habari za ufunguo wa siri.

Pochi hii haina sarafu ndani yake. Tangu mtandao wa Bitcoin uanze Januari 2009, hesabu zote zimo kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani. Simu hutunza ufunguo tu, yaani namba ndefu inayosaini muamala, na mwenye ufunguo ndiye mwenye fedha. Ukipoteza laini ya M-Pesa, unakwenda na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), unaweka kidole, laini inarudi na salio lake. Huku hakuna wakala wala dirisha la huduma kwa mteja. Kwa hiyo uzembe wa mwandaaji programu unamla mtumiaji moja kwa moja.

Ufunguo huzaliwa kwa namba nasibu, yaani namba isiyotabirika, na hapo ndipo msiba huanzia. Agosti 2013 iligundulika kwamba kitengeneza namba nasibu cha Android kilikuwa na kasoro, na sarafu za baadhi ya watu zikaibwa kwa sababu namba zao zilikisika. Tumia maktaba za programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari, zilizokaguliwa na wengi. Usijitungie hesabu zako za usimbaji, hata kama ulipata A ya hisabati.

Kwa utaratibu wa BIP39 wa mwaka 2013, unaogeuza namba hiyo nasibu kuwa maneno ya kuandika, biti 128 za nasibu (tarakimu za 0 na 1) huongezewa biti 4 za ukaguzi, zikawa 132. Hukatwa vipande 12 vya biti 11, na kila kipande huchagua neno moja kati ya maneno 2048. Maneno hayo 12 yakiingizwa kwenye simu nyingine, pochi nzima inarudi. Orodha rasmi zipo za Kiingereza, Kifaransa, Kijapani na lugha nyingine chache. Ya Kiswahili haipo, na jambo hilo linaniuma, maana nimeona matokeo yake. Mama mmoja muuza nafaka wa Majengo alikubali kutujaribia programu ya wanafunzi. Alisomewa maneno, akaandika kwenye daftari la mauzo kama alivyoyasikia: "ocean" likawa "oshen". Siku ya kurejesha pochi, programu ikakataa. Kosa lilikuwa letu. Tangu hapo tunayaonyesha maneno kwa herufi kubwa, mtumiaji anakili mwenyewe herufi kwa herufi, kisha anaulizwa tena kabla ya kupewa anwani ya kupokelea. Katika orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kutambua neno lolote, kwa hiyo programu impendekezee neno baada ya hizo nne.

Ufunguo ukishazaliwa, ufungiwe kwenye hifadhi salama ya simu yenyewe, Keystore kwa Android au Keychain kwa iPhone. Zuia picha ya skrini kwenye ukurasa wa maneno, maana picha hiyo inaweza kupanda mtandaoni yenyewe usiku. Kagua pia kumbukumbu za hitilafu. Agosti 2022 maelfu ya pochi za mtandao wa Solana zilikombwa, na uchunguzi ukaelekea kwenye programu iitwayo Slope, iliyokuwa ikituma maneno ya siri kwenye seva ya kufuatilia hitilafu.

Upande wa sheria, Novemba 2019 Benki Kuu ilitahadharisha umma na kukumbusha kuwa fedha halali nchini ni shilingi. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Ukitaka kubadilishia watu sarafu au kuwatunzia funguo, nenda Benki Kuu na Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Majaribio yafanyike kwenye mtandao wa majaribio, kama Sepolia kwa Ethereum (mtandao mwingine wa sarafu), ambako sarafu hazina thamani. Mtihani wangu kwa wanafunzi ni huu: futa programu, chukua simu ya bei nafuu ya mtu mwingine, mpe mgeni karatasi yenye maneno 12, kaa kimya umtazame. Asiporudisha pochi peke yake, hatugusi rangi.