Kuwasha gari dakika tano si kulitunza

Wenye magari ya spoti ya zamani, tuseme Datsun 240Z, lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, wameusiwa miaka mingi: likikaa bila kuendeshwa, liwashe dakika tano kila wiki, lisife. Nia ni njema, ila gari linaumia. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Ukizima injini kabla haijapata moto sawasawa, maji hayo hubaki kwenye ekzosi na kuitia kutu kwa ndani. Mengine huingia kwenye oili. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando mweupe kama mtindi, mara nyingi ndiyo hayo. Betri nayo huenda isirudishiwe chote ilichotumia kupiga stata. Bora uliendeshe nusu saa, au uliache limelala, waya wa betri umechomolewa.