Kupiga Picha Kanisa la Duara: Bujora

Mtu aliyezoea kupiga picha makanisa ya misheni ya Kanda ya Ziwa huwa na njia moja ya kazi: anasimama mbele ya mlango mkuu, anazilinganisha kuta za kulia na kushoto, anahakikisha kona zimesimama wima, anabonyeza. Kwa majengo marefu ya matofali njia hiyo inatosha. Kwa Bujora haifai kitu. Kanisa lile limejengwa duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na halina kona ya kulinganishia.

Bujora iko Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Daladala inakushusha Kisesa, halafu unachukua bodaboda au unapanda kwa miguu. Wengi wanaifahamu kwa makumbusho ya Wasukuma na ngoma zake za kitemi, yaani za watawala wa jadi. Aliyeyaanzisha yote hayo miaka ya 1950 ni Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec, Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe. Kanisa hili si kongwe kama misheni ya Bukumbi, ambako shirika hilo lilifika mwaka 1883. Thamani yake ni nyingine. Hapa altare imechongwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na waumini wanakaa ndani ya umbo la nyumba walimozaliwa. Mimi nimefanya kazi ya kupiga picha za majengo mpaka nikastaafu, na tangu nianze kuzunguka huku ziwani sijaona jengo dogo linalostahili uangalifu kuliko hili.

Sasa kazi yenyewe. Jengo la pembe linajieleza kwa mistari, lakini la duara linajieleza kwa kivuli. Chukua chungu, kiweke karibu na mlango, ukitazame: upande mmoja umewaka, kisha mwanga unafifia kidogo kidogo mpaka upande wa pili unaingia gizani. Huko kufifia ndiko kunakoliambia jicho kwamba kitu hiki ni cha mviringo. Ukiwasha flashi, mwanga unatoka pale pale kamera ilipo, ule mfifio unafutika, na ukuta wa duara unabaki bapa kama karatasi. Kwa hiyo flashi naiacha kwenye begi. Natumia mwanga wa mlango na madirisha peke yake.

Kwa nje, saa ndiyo kila kitu. Saa zetu Tanzania zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33, hivyo jua la huku linachelewa karibu dakika 50 nyuma ya saa ya mkononi. Linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na linafika juu kabisa karibu saa saba kasorobo mchana. Anayejipangia kwamba saa sita ndiyo kilele cha jua atakosea mahesabu ya siku nzima. Mimi napiga nje kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, jua likiwa ubavuni mwangu, ili ukuta upate mwanga upande mmoja tu. Kumbuka pia kwamba huku tuko kusini mwa ikweta kidogo tu: mwezi Juni jua la mchana linakaa kaskazini, Desemba linahamia kusini. Upande wa jengo uliokuwa kivulini ulipokuja mara ya kwanza unaweza kuukuta unawaka ukirudi baada ya miezi sita.

Kuhusu lenzi, epuka pana sana, yaani yenye milimita chache inayoingiza eneo kubwa. Lenzi ya milimita 16 au 20 inavuta vitu vya mviringo vilivyo pembezoni mwa picha, na duara linageuka yai. Kwa kamera ya fremu kamili, yenye kihisio cha ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, natumia lenzi ya milimita 35. Ndani sisimami katikati, maana ukisimama katikati kila ukuta uko umbali ule ule na picha inakosa kina. Naegemea ukuta karibu na mlango, kamera juu ya stendi kwenye usawa wa macho ya mtu aliyeketi, kama sentimita 120, nikiiacha altare pembeni kidogo ili mkunjo wa ukuta uonekane ukizunguka nyuma yake.

Tofauti ya mwanga kati ya mlango na altare ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba kwa mkupuo mmoja. Napiga tatu bila kuigusa stendi: moja ya kawaida, moja yenye mwanga mara nne zaidi, moja yenye robo ya ule wa kawaida. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naweka 100, tundu la lenzi f/8, na shata, pazia la kuingizia mwanga, naiachia wazi hata sekunde mbili, maana kuta hazikimbii. Nikifika nyumbani naziunganisha kwenye kompyuta, lakini giza la nyuma ya mabenchi silimalizi lote. Kanisa lina haki ya giza lake.

Kabla ya yote hayo, ruhusa. Unafika ofisini, unaulizia kiingilio na upigaji picha, unaeleza shida yako. "Tumsifu Yesu Kristo," unaitikiwa "Milele amina," ndipo mazungumzo yanaanza. Mama mmoja aliyekuwa akifagia aliniuliza, "Mzee, unapiga na tabernakulo?" Nikamjibu kasha hilo la Ekaristi nitalipiga kutoka mbali, bila kulisogelea. Akasogeza ndoo yake na kuendelea kufagia. Wakati wa misa sipigi kabisa.

Ukitaka watu kwenye picha, nenda wakati wa Bulabo, sherehe inayokwenda na sikukuu ya Ekaristi, aghalabu mwezi Juni, Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanaposhindana kucheza. Ila siku hiyo jengo lisahau, umati utakuziba kila upande.

Picha zangu nazichapisha kwa ukubwa wa A4, nyuma naandika tarehe, saa na upande niliosimama, na nakala moja naipeleka parokiani. Siku wakikarabati paa au kupaka rangi upya, fundi atakuwa na cha kurejelea.