Mdalasini hautibu mche uliooza

"Nyunyizia mdalasini, ukungu utaondoka." Kwa miche ya kaktasi, hili ndilo dai linalotuchosha zaidi. Unguja mdalasini haukosekani jikoni, basi mtu akiona utando mweupe anamwaga kijiko kizima kwenye trei.

Mdalasini una sinamaldehaidi, na kweli huzuia baadhi ya kuvu zinazokaa juu ya udongo. Lakini mche wa wiki mbili huuliwa na Pythium au Rhizoctonia, vijidudu vya udongoni vinavyoozesha mimea, navyo huingia mizizini na shinani, chini ya huo unga. Shina hulegea likawa kama limejaa maji, hubadilika rangi ya kahawia, kisha mche hulala. Ukishalala haurudi. Na unga mwingi ukirowa hugandamana, hewa haipiti, na vijizizi vichanga huweza kudhurika.

Toa kila mche ulioanguka pamoja na udongo wa sentimita 2 kuuzunguka, utupe mbali na kitalu. Fungua kifuniko cha trei. Miche iliyobaki ipige mankozebu, dawa ya kuvu, kwa kipimo cha kwenye pakiti, si cha kukisia. Uso wa udongo ukikauka, kalisha trei ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka uso urowe kutoka chini. Usimwagie juu.

Ugonjwa mwingi huletwa na udongo mbichi, yaani usiopikwa kwa mvuke. Changanya sehemu 2 za mchanga mnene uliooshwa na sehemu 1 ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) uliochekechwa, rowesha kidogo, weka juu ya mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa dakika 30, uache upoe bila kufunuliwa. Tafadhali, usichukue usumba wa makumbi yaliyofukiwa pwani kwa kusokotea kamba: umejaa chumvi.

Yapo na madai mengine. "Mchanga wa ufukweni ni safi." Nao una chumvi, tena ni matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa. Kaktasi nyingi haziutaki.

"Anika juani, jua litaua ukungu." Jua la mchana wakati wa kaskazi, ndani ya plastiki, litaanza kuua mche.

"Kaktasi ni ya jangwani, iache ikauke." Iliyokomaa, sawa. Mche wa mwezi mmoja hauna akiba ya maji. Unataka unyevu na hewa kwa pamoja.

"Kila utando mweupe ni maradhi." Mara nyingi ni manyoya ya kuvu inayokula mabaki ya tunda kwenye ganda la mbegu. Liondoe ganda kwa kijiti cha meno, mche uuache. Mbegu za mpungate, kaktasi yenye matunda ya kuliwa, zisugue kwenye chujio mpaka utelezi uishe, ndipo uzipande.

Na kama una hiari, usioteshe wakati wa masika. Otesha Juni hadi Septemba, kusi ikivuma na hewa ikiwa kavu kidogo. Miche ikitoa miba ya mwanzo, anza kufungua kifuniko nusu saa kila asubuhi, ukiongeza siku hadi siku, na baada ya wiki moja kiondoe kabisa.