Kiuatilifu cha RNA: Anayekata Ni Protini ya Mdudu Mwenyewe

Tangu Marekani isajili ledprona mwezi Desemba 2023, kiuatilifu cha kwanza cha kupulizia kinachotumia RNA, maswali kwetu hayaishi. Wengi wanataka kujua kama kinabadilisha jeni, na kama kitamaliza viwavijeshi vamizi.

Jeni haiguswi. Inabaki kwenye DNA kama ilivyokuwa. Kinachoharibiwa ni nakala yake, RNA ya ujumbe, ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini. Wanaoendelea kusambaza sauti za WhatsApp kwamba mlaji "atageuzwa vinasaba" wangetusaidia kwa kusoma aya inayofuata kwanza.

Mbawakavu anapokula jani lililopuliziwa, RNA ya nyuzi mbili huingia kwenye seli za utumbo wake. Protini ya mdudu iitwayo Daisa-2 (Dicer-2) huikatakata vipande vya nyukleotidi (herufi za RNA) 21 hivi, kisha protini yake nyingine, Agonauti-2 (Argonaute-2), hupokea kipande, ikatupa uzi mmoja na kubaki na wa pili uwe kielekezi. Agonauti ina sehemu nne: N, PAZ, MID na PIWI, zilizojikunja pande mbili zenye mfereji katikati. MID hushika mwanzo wa kielekezi, PAZ hushika mwisho wake. Nyukleotidi za mwanzoni, kuanzia ya 2, hukaa wazi zikisubiri ujumbe unaolingana nazo. Ukilingana sawasawa, PIWI huukata mkabala na nafasi kati ya nyukleotidi ya 10 na ya 11 za kielekezi. Kielekezi chenyewe hakikatwi, ndiyo maana protini ile ile hurudia kazi, na mbawakavu hukosa protini anayoihitaji akafa. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha umbo la Siwi, ndugu ya Agonauti katika nondo wa hariri, kwa ukali wa angstromu 2.4 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita): sehemu nne zile zile, ila zimepangwa tofauti kidogo.

Sasa viwavijeshi. Hawa ni watoto wa nondo, na nondo ni wagumu kwa njia hii: vimeng'enya vya utumbo huivunja RNA mapema, na inayoponyoka hunaswa kwenye vifuko ndani ya seli, isiifikie Daisa. Ledprona yenyewe ililenga mbawakavu wa viazi wa Colorado, ambaye hapa kwetu hayupo.

Kwa Tanzania, Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya 2020 inataka kiuatilifu kisajiliwe kabla ya kuingizwa, kuuzwa au kusambazwa. Usajili wa Marekani hautoshi. Mwombaji huwasilisha maombi, jalada la taarifa za sumu na mazingira, sampuli ya maabara na rasimu ya lebo. Majaribio ya shambani hufuata, halafu tathmini, halafu uamuzi. Muuzaji naye awe na kibali chake. Anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo, au vyote viwili, na bidhaa hukamatwa. "Sikujua" haijawahi kuwa utetezi.

Ukiuziwa "dawa ya RNA ya viwavijeshi", tafuta namba ya usajili kwenye lebo. Isipokuwepo, usinunue; mjulishe afisa ugani au ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) iliyo karibu. Na tafadhali, usifungue chupa kunusa.