Usingizi wa mmea ni nini, na kwa nini taragoni inauhitaji

Usingizi wa mmea ni hali ya mmea kusimamisha ukuaji ukiwa bado mzima. Majani yanaweza kunyauka na shina likakauka mpaka chini, mpita njia akadhani umekufa, kumbe mizizi iko hai na imejaa chakula. Waliowahi kulima viazi mviringo wanaijua hali hii: ukichimba leo ukapanda kesho, havioti. Lazima vikae ghalani wiki kadhaa vichipue kwanza. Kiazi kinahitaji muda tu. Iko mimea ambayo muda pekee hauitoshi, inataka na baridi, na hapo ndipo mtu wa Mwanza anayetaka kuotesha taragoni nyumbani hukwama.

Taragoni, kwa jina la kitaalamu Artemisia dracunculus, ni kiungo cha majani membamba yenye harufu iliyo kati ya shamari na mrehani. Si ajabu kufanana hivyo, kwani mafuta yake yana kemikali iitwayo estragoli, ambayo imo pia katika shamari na aina nyingi za mrehani. Wafaransa huitia kwenye kuku, mayai, samaki na siki. Georgia wana soda ya kijani inayotengenezwa kwayo. Kiukoo ni ndugu wa artemisia ile inayolimwa kwa ajili ya dawa za malaria, ingawa hii ya jikoni haitibu malaria, isije ikapikwa kwa nia hiyo.

Kwenye nchi za baridi, mwaka wa taragoni huanza baada ya barafu kuisha, machipukizi yanapotoka chini. Mmea hufika sentimita 60 hadi 90 na huchumwa majira yote ya joto. Kisha siku huanza kufupika. London, mchana wa Juni hupita saa 16, wa Desemba haufiki saa 8, na mmea unayasoma mabadiliko hayo pamoja na kushuka kwa joto. Chakula hushushwa mizizini, sehemu ya juu hukauka, na machipukizi yaliyojificha udongoni hufungwa na homoni zinazozuia ukuaji. Kufuli hilo hulegea taratibu, kwa wiki nyingi za baridi mfululizo.

Kwa nini mmea usiamke tu pakipata joto? Kwa sababu siku nne tano za jua katikati ya Januari zingeudanganya. Ungechipua, barafu ingerudi, na chakula cha mwaka mzima kingepotea kwa mara moja. Kwa hiyo mmea hausubiri joto tu, unasubiri kwanza uhakika kwamba baridi imeshapita. Wakulima wa matufaha wana kipimo cha jambo hili, wanakiita saa za baridi: wanahesabu ni saa ngapi mti umekaa chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingine za tufaha hutaka zaidi ya saa 1,000, nyingine mia mbili tatu zinatosha. Ndiyo maana matufaha yanasikika Njombe na si Magu.

Wanaoitunza taragoni huko baridini watakwambia adui wakati wa usingizi ni maji kuliko baridi. Mizizi iliyolala ndani ya udongo uliotuama maji huoza. Kwa hiyo huchagua udongo mwepesi, hukata mabua yaliyokauka, hufunika shina kwa majani makavu, na chungu hukisogeza ukutani. Kila miaka mitatu au minne huchimbua na kugawa mizizi, la sivyo shina la katikati huzeeka.

Sasa njoo Mwanza. Tupo kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki dakika 20. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wetu una nafuu, na alfajiri za Juni na Julai anayekaa Isamilo au Capri Point hutafuta sweta. Lakini baridi ya sweta ni nyuzi 15 au 17, na hiyo haimlazi taragoni. Mmea hauoni dalili ya kupumzika, unaendelea kukua mpaka unajichosha: machipukizi yanakuwa membamba, harufu inapungua, halafu masika inakuta mizizi dhaifu na kuimaliza. Si uchawi wala si mbolea, kwa hiyo usiongeze samadi. Ukipata mche, uchukulie kama mmea wa muda mfupi na uwe unakata vipandikizi mapema.

Nimesema mche, sikusema mbegu. Taragoni ya Kifaransa, ile yenye ladha, ni tasa, haitoi mbegu za kuota. Pakiti ya mbegu iliyoandikwa taragoni kwa kawaida ni ya Kirusi, mmea mrefu, mgumu, wenye ladha ya majani tu. Binafsi nisingeupa nafasi hata kwenye kopo.

Kwa mwambao wa Ziwa ningepanda taragoni ya Meksiko, Tagetes lucida. Ni mmea wa ukoo tofauti kidogo, karibu na lile gugu linalonuka shambani tunaloliita bangi mwitu, lakini harufu yake ni tamu, inaikaribia sana ya Kifaransa. Haidai usingizi wa baridi, huvumilia joto, huota kwa mbegu au kipandikizi na hutoa maua madogo ya njano. Chukua ndoo ya rangi iliyokwisha, itoboe chini, changanya udongo na mchanga mwingi, iweke penye jua angalau saa sita. Wenye nyumba kati ya mawe wana bahati, ule mchanga wa mwamba uliomeguka unapitisha maji vizuri.

Ukipika sato, tia majani sufuria ikishaepuliwa. Yakichemka sana harufu huondoka na mvuke.